Herufi Iliyopungua

Barua ya mkoa ilifika Jumanne, simba wawili kwenye nembo:
Kwa Bwana Harmen Brandsen, hewa ya banda lako inavuka uzio,
inatua kwenye nyika ya Veluwe, inanenepesha nyasi
mpaka maua madogo ya zambarau yanakosa pa kusimama.
Nitrojeni, waliandika.
Baba aliisoma mara mbili,
kisha akafutia grisi ya mnyororo.

Sikumlaumu. Miaka arobaini na mmoja ameivuta hewa ile.
Tangu niko shule macho yake ni mekundu;
nilidhani ni huzuni.
Kumbe amonia.

Kuku elfu kumi na moja na mia nne, kahawia, wote watagaji.
Tuliwalisha soya kama mtu anayemwaga gunia la herufi mezani
ili aandike jina moja.
Kinachozidi, mwili hauna ghala lake;
kinadondoka chini ya vichanja, kinageuka moshi usioonekana.

Rozemarijn wa kiwanda cha malisho alikuja na buti safi na jedwali.
Protini tuishushe, alisema, kutoka kumi na saba kwa mia
hadi kumi na nne na nusu. Pengo la soya tulijaze mahindi,
na juu yake unga mweupe, kilo chache kwa tani:
methionini, laisini, threonini.
Baba alichovya kidole, akaonja, akatema.
"Kabichi iliyooza," alisema. "Haya, wape."

Wiki ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu mizani ikafungua kinywa: gramu sitini na tatu,
sitini na moja,
hamsini na nane.
Kuku wakaanza kulana manyoya,
na mmoja, kona ya kaskazini, akatembea mgongo wazi
kama koti lililoliwa na nondo.
Nililala na kikokotoo kifuani.
Baba hakusema "nilikwambia."
Alisema tu kwamba bawaba ya mlango inataka mafuta,
na kwake hayo ni yale yale.

Babu yangu Lubbert, kabla ya kuku, alipanga herufi za risasi
katika kiwanda cha gazeti la kanisa, kule Ede.
Usiku ule Baba alishusha trei lake toka darini,
akalipuliza vumbi, akaliweka kati ya vikombe vyetu.
"Ukiishiwa M," alisema, "hata uwe na A ndoo nzima,
huandiki mayai. Unaandika ayai.
Huandiki mama. Unaandika aa,
kama aliyekanyaga msumari.
Muulize yule binti ni herufi gani imekwisha."

Nilimpigia saa nne na robo usiku.
Nikasikia karatasi, mtoto akilia, karatasi tena.
"Valini," alisema, taratibu, kama anayekiri.
"Soya ilipoondoka iliondoka nayo.
Hakuna aliyeihesabu, maana haikuwahi kupungua."

Gramu mia saba kwa tani. Basi.
Ungeweza kuibeba ndani ya kofia.

Sisemi ni muujiza. Kuku wa kona ya kaskazini alikufa.
Migongo mingine itangoja manyoya mapya hadi msimu wa kunyonyoka.
Mahindi yalipanda bei Machi, unga mweupe nao ukafuata,
na mkoa haujajibu; simba wao wamelala.

Ila jana nilimkuta Baba ndani ya banda, mlango umefungwa,
amesimama katikati ya kuku kama aliyeshuka kituo kisicho chake.
"Mbona hapanuki?" aliniuliza.
Chini ya taa niliona weupe wa macho yake,
mweupe kweli, mara ya kwanza maishani mwangu,
nikaangalia pembeni.

Akaokota yai lililotagwa sakafuni,
akalipima kwa kiganja, akanipa lina joto bado.
"Sitini na mbili," alisema.

Nikaliweka kwenye mizani.
Sitini na moja na nusu.
Sikumwambia.